Mondo si Mtoto wa Chui: Maoni Kuhusu Majina ya Wanyamapori na Wajibu wa Wanakiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii tumeifafanua mara nyingi katika insha zetu tangu shule ya msingi, na mimi ni mmoja wa wale waliodhani kwamba wameielewa. Nilikuja kuielewa barabara mwezi wa Desemba, likizoni, nilipokuwa nyumbani Wang'uru wakati wa mavuno ya mpunga.

Msomaji asiyeifahamu Wang'uru, au Ngurubani kama wengi wetu tunavyoiita, na aelewe kwamba ni mji ulio katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, kusini mwa Mlima Kenya. Mashamba hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya watu waliokuwa wamewekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi. Mpunga unapokomaa, bonde zima hugeuka rangi ya dhahabu. Mvunaji huanzia ukingoni akielekea katikati, na viumbe wote waliojificha humo, panya, ndege, nyoka na wengineo, husogea ndani zaidi kadiri mpunga unavyopungua, hadi wanapokosa kabisa pa kujistiri.

Siku hiyo, aliyechomoka katikati ya shamba hakuwa panya. Alikuwa mnyama wa rangi ya manjano, mwenye madoa meusi, miguu mirefu na masikio makubwa yaliyosimama wima. Kijana mmoja akapaza sauti: "Chui! Mtoto wa chui!" Neno hilo lilitosha. Mawe yakarushwa, marungu yakainuliwa, na kabla ya dakika tano kwisha mnyama yule alikuwa amelala kando ya mfereji, amekufa. Watu wakarudi nyuma hatua kadhaa, wakihofia kwamba mamaye yu karibu.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kwa heshima namwita Guka ingawa si babu yangu wa damu, alisogea, akamgeuza mnyama yule kwa fimbo na kumtazama kinywani. "Huyu si mtoto," alisema. "Meno yake yamechakaa. Hakuna mama atakayemjia." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe tunaambiwa unasomea Kiswahili chuo kikuu. Huyu anaitwaje kwa Kiswahili?" Nikajibu upesi, "Ni paka mwitu, Guka." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tumeua paka tukidhani ni chui."

Sikuwa na la kuongeza. Niliporudi chuoni mwezi wa Januari nilikwenda maktabani, nikafungua kamusi na vitabu vya wanyama, na ndipo nilipong'amua kwamba mnyama yule ana jina lake katika Kiswahili, jina fupi ambalo limekuwa likinisubiri miaka yote hiyo. Jina lake ni mondo.

Makala haya yanatoa maoni kwamba kutojua majina ya wanyama wetu si upungufu mdogo wa msamiati. Ni upungufu unaomdhuru mnyama, unaomdhuru mkulima, na unaokidhoofisha Kiswahili chenyewe. Aidha, makala yanadai kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ndio wa kwanza kulaumiwa, na pia ndio wa kwanza wenye uwezo wa kurekebisha hali hiyo.

Mondo ni nani?

Kabla ya kutetea jina, yafaa tumjue mwenye jina. Mondo ni mnyama wa jamii ya paka anayeishi Afrika pekee, hasa kusini mwa Sahara. Wanasayansi humwita Leptailurus serval. Uzito wake ni kati ya kilo 8 na 18 hivi, dume akiwa mkubwa kuliko jike. Kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili wake, hakuna paka mwingine mwenye miguu mirefu kama yake. Kichwa chake ni kidogo, shingo ni ndefu, na mkia ni mfupi wenye pete nyeusi. Masikio yake ni makubwa yakilinganishwa na kichwa, na kwa nyuma yana weusi uliokatwa na baka jeupe.

Mtu aliyezitambua alama hizi hawezi kumchanganya na mtoto wa chui. Mtoto wa chui ana miguu minene na mifupi, masikio madogo ya mviringo na mkia mrefu. Tena madoa ya chui mengi ni ya duara, yenye uwazi katikati mithili ya ua lililochanua, ilhali madoa ya mondo yamejaa weusi, na shingoni na mabegani huungana yakawa mistari. Haya yote yalikuwa mbele ya macho yetu siku ile kando ya mfereji. Macho tulikuwa nayo, tulilolikosa ni elimu ya kutuambia tunaangalia nini.

Makazi ya mondo ni nyasi ndefu na matete yaliyo karibu na maji. Hapendi jangwa, wala hapendi msitu mnene uliofungamana. Katika nchi yetu hupatikana kwenye mbuga, kandokando ya vinamasi, na hata katika nyanda za baridi za Nyandarua na Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Huko milimani huonekana pia mondo weusi tititi, ambao si spishi nyingine bali ni mondo wale wale waliozaliwa na rangi nyeusi iliyozidi.

Tabia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayohusika zaidi na maisha ya mkulima. Mondo huwinda peke yake, hasa jioni, usiku na alfajiri. Silaha yake ya kwanza ni sikio. Husimama tuli katikati ya nyasi, pengine amefumba macho, akisikiliza. Panya akitambaa chini ya majani, au fuko akichimba chini ya ardhi, mondo husikia na kukadiria mahali alipo. Hapo huruka juu kwa miguu yote minne, akapaa kama upinde hewani, na kumshukia mnyama huyo kwa miguu ya mbele. Mtafiti Aadje Geertsema, aliyewachunguza mondo katika kreta ya Ngorongoro nchini Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1985, aligundua kwamba takriban nusu ya mashambulizi yao hufanikiwa. Hicho ni kiwango kikubwa mno kwa mnyama mwindaji. Simba, kwa sifa zake zote, huambulia patupu mara nyingi zaidi.

Chakula cha mondo ni panya kwa sehemu kubwa, kisha vyura, mijusi, nyoka, ndege wadogo na wadudu. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki kumi hivi, huzaa mtoto mmoja hadi wanne katika kichaka cha nyasi au shimo lililoachwa na mnyama mwingine, na huwalea pasipo msaada wa dume. Adui zake ni chui, fisi, mbwa, na binadamu.

Sasa msomaji na alitazame shamba la mpunga kwa jicho la mondo. Lina maji, nyasi ndefu, vyura na panya wasiohesabika. Mkulima wa Mwea anawalalamikia panya hao kila msimu, sawa na anavyowalalamikia kwelea kwelea. Tangu Bwawa la Thiba lilipozinduliwa mwaka 2022, matumaini ya wakulima yamekuwa kuvuna mara mbili kwa mwaka. Palipo na nafaka kwa muda mrefu zaidi katika mwaka, panya nao wana karamu ndefu zaidi. Mnyama tuliyemuua alikuwa kibarua wa usiku asiyedai ujira.

Wapo watakaodhani kwamba mnyama wa porini hawezi kuishi karibu na watu wengi. Ushahidi haukubaliani nao. Huko Secunda, Afrika Kusini, kuna kiwanda kikubwa cha kutengeneza mafuta na kemikali, kilichozungukwa na ardhi yenye majimaji na nyasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba msongamano wa mondo ndani ya eneo hilo ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa kwingineko. Moshi wa kiwanda haukuwafukuza. Walichohitaji ni maji, majani, panya, na kutopigwa.

Kufanana si undugu

Hapa nitafanya safari fupi ya kwenda Asia, kwa sababu huko kuna funzo linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Katika misitu inayoanzia Nepal hadi kisiwa cha Sumatra anaishi paka wa porini mwenye ukubwa unaokaribiana na wa mondo. Rangi yake aghalabu ni ya dhahabu au nyekundu ya kutu, japo wapo wa kijivu, weusi na hata wenye madoa. Usoni ana michirizi myeupe. Hutembea zaidi ardhini ingawa anajua kupanda miti, na huwinda panya, ndege na hata paa wadogo. Nchini Thailand hupewa jina lenye maana ya chuimilia wa moto, na imesimuliwa kwamba wenyeji huamini kuwa kubeba unywele wake mmoja humkinga mtu dhidi ya chuimilia. Wataalamu humwita paka wa dhahabu wa Asia.

Afrika nayo ina paka wa dhahabu, anayeishi katika misitu ya mvua kuanzia Afrika Magharibi na Kongo hadi Uganda, katika misitu kama Kibale na Bwindi. Wanyama hawa wawili walipewa majina ya kisayansi mwaka mmoja, 1827, na kwa jinsi walivyofanana, wataalamu wengi kwa muda mrefu waliwahesabu kuwa ndugu wa karibu. Kisha ukaja uchunguzi wa vinasaba. Mwaka 2006 ukoo wa paka wote duniani ulichapishwa upya, na ikadhihirika kwamba paka wa dhahabu wa Afrika si ndugu wa karibu wa yule wa Asia. Ndugu zake wa karibu ni simbamangu na mondo. Kilichowafananisha wawili wale ni maisha ya msituni, wala si nasaba.

Mwanafunzi yeyote aliyesoma isimu linganishi atatabasamu hapa. Sisi tumefundishwa kwamba maneno mawili yanayofanana katika lugha mbili hayathibitishi undugu wa lugha hizo, kwa kuwa yawezekana neno limekopwa au limefanana kwa sadfa. Ndiyo hoja tunayoitumia kuwajibu wanaodai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya wingi wa maneno ya mkopo. Tunawaambia watazame sarufi, watazame ngeli, watazame mfumo mzima. Basi ni ajabu kwamba sisi tunaojua kanuni hii kuhusu maneno, tukimwona mnyama mwenye madoa tunaharakisha kumwita chui.

Majina yenyewe yanatufundisha tahadhari hiyo hiyo. Simbamangu ni nomino ambatani inayoanza na simba, lakini mwenye jina si simba. Fungo na kanu (mnyama, wala si chama cha siasa) huitwa paka na watu wengi, ilhali si wa jamii ya paka. Kimburu, ambaye ndiye paka mwitu halisi, anafanana sana na paka wa nyumbani, na safari hii kufanana ni undugu kweli, kwani paka wetu wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Afrika ya kaskazini na Mashariki ya Kati. Hata hao wenye lugha kubwa hawakuepuka kosa. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa mondo lilitoka kwa Wareno, ambao walikuwa wakilitumia kwa mnyama mwingine kabisa wa Ulaya, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kulungu. Kwa hiyo Kiswahili, chenye neno mondo, kina jina lililo lake mondo mwenyewe, lisiloazimwa kutoka kwa mnyama mwingine. Tunalo, lakini hatulitumii.

Jina linapoua

Yawezekana msomaji akaniona nimetia chumvi nikisema kwamba jina huua. Naomba tutazame kisa cha Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara na mwenye madoa madogo zaidi, ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1932. Wenyeji wengi walikuwa wakitofautisha chui wa mwituni na chui wa kufugwa. Huyu wa pili alidhaniwa kumilikiwa na wachawi, kulishwa nao, na kutumwa usiku kuwadhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kampeni ya kuwasaka wachawi iliandamana na kampeni ya kuwaua chui. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa kwamba bado yupo. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa na watengenezaji wa kipindi cha televisheni ilinasa mnyama waliyedai kuwa ndiye, lakini dai hilo halijamaliza mjadala.

Kisa hiki kinaonyesha nini? Kinaonyesha kwamba kivumishi kidogo, "wa kufugwa", kiliweza kumtoa mnyama katika orodha ya viumbe na kumweka katika orodha ya maadui. Kule Unguja jina lilimgeuza chui kuwa chombo cha mchawi. Huku Wang'uru neno "mtoto wa chui" lilimgeuza mla panya kuwa tishio kwa mifugo na watoto wetu. Maeneo ni tofauti, lakini utaratibu ni mmoja: kwanza huja neno, kisha hofu, kisha rungu.

Upo pia mfano wa jina linalookoa. Karibu na msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, mwanasayansi Mganda Badru Mugerwa alianzisha juhudi za kumhifadhi paka wa dhahabu wa Afrika, ambaye aghalabu hunaswa katika mitego iliyowekewa wanyama wengine. Alipotafuta jina la kuuita mpango wake, hakwenda mbali. Alichukua jina ambalo wenyeji humwita mnyama huyo, Embaka. Neno hili linakaribia paka kwa sauti, ila nimekwisha kusema kwamba mfanano hautoshi kuthibitisha nasaba, nami nawaachia wanaisimu walichunguze. La muhimu ni kwamba mwanakijiji akilisikia jina la mpango huo anasikia neno la kwao. Hahitaji mkalimani ili ajue ni mnyama gani anayezungumziwa.

Hoja za wapinzani

Nilipowasomea wenzangu rasimu ya makala haya, walinipa hoja mbili ambazo si haki kuzinyamazia.

Hoja ya kwanza ni ya mkulima. Mondo, akikosa panya au akiona urahisi, huiba kuku. Hili ni kweli, na mama aliyepoteza kuku watano wa mayai hawezi kulishwa kwa hotuba za uhifadhi. Jibu langu ni kwamba kizimba cha kuku kilichofungwa vyema usiku humzuia mondo, kicheche, fungo na mbwa koko kwa pamoja, na gharama yake hulipwa mara moja. Sumu inayotegwa, kwa upande mwingine, humuua mondo leo, lakini kesho huua mbwa wa jirani, bundi na ndege wengine walao panya. Paka akiondoka, panya hutawala: methali hii haikutungwa kwa ajili ya insha tu. Iko shambani.

Hoja ya pili ni ya mwanasheria. Wapo wanaosema kwamba mnyama hulindwa na sheria, wala si kamusi. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, pamoja na shirika la serikali lililopewa jukumu la kuisimamia. Nakubali. Walakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na wanyama katika majedwali yake wametajwa kwa Kiingereza na Kilatini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Je, kijana wa Tebere au Karaba aliyeshika rungu atajuaje kwamba sheria inamzungumzia mnyama aliye mbele yake, ikiwa jina lililo katika sheria halijawahi kufika masikioni mwake? Sheria bila lugha ya watu ni taa iliyowashwa ndani ya sanduku.

Sidai kwamba neno mondo peke yake lingemfanya kijana yule aweke rungu chini. Hofu ina kasi kuliko msamiati. Lakini nadai kwamba laiti mmoja kati yetu angekuwa na uhakika wa kupaza sauti, "Huyo ni mondo, anakula panya!", pangekuwa na nafasi ndogo ya kusita. Mondo, kwa miguu yake ile, hahitaji nafasi kubwa. Na mtu aliyestahili kupaza sauti hiyo alikuwa mimi.

Wajibu wa wanakiswahili

Tulipokuwa shule ya msingi tulikaririshwa majina ya watoto wa wanyama. Tulijua kwamba mtoto wa simba ni shibli, wa mbwa ni kidue, wa sungura ni kitungule, na wa paka ni kipusi. Tulipata alama zetu na kusahau. Sina ugomvi na maneno hayo, ni hazina. Ugomvi wangu ni kwamba mtahiniwa anaweza kupata alama zote katika zoezi hilo pasipo kujua umbo, makazi wala chakula cha mnyama hata mmoja. Tumefundishwa majina kama shanga zisizo na uzi. Neno lisilofungamana na kitu hupotea, na kitu kisicho na neno hupotea pia.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne.

Mosi, fasili za wanyama katika kamusi zetu ziboreshwe. Fasili inayoishia kwa kusema kwamba kitu fulani ni mnyama wa porini anayefanana na paka haimtofautishi mondo na kimburu wala simbamangu. Hebu tujaribu hivi: mondo ni mnyama wa jamii ya paka, mwembamba, mwenye miguu mirefu sana, masikio makubwa, mkia mfupi na madoa meusi yaliyojaa, anayeishi kwenye nyasi ndefu karibu na maji na kula panya. Maneno hayo hayafiki thelathini na tano, lakini anayeyasoma hawezi kumwita mondo mtoto wa chui.

Pili, kila mwanachama wa chama chetu arudi likizoni na daftari. Wazee wetu wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru wana majina ya wanyama hawa katika lugha zao, na kila jina huandamana na maelezo kuhusu mahali mnyama anapolala, anachokula na mwezi anaoonekana. Sisi Wagikuyu sote tunajua kwamba chui ni ngarĩ. Lakini ni wangapi katika kizazi changu wanaoweza kuvuka hapo na kumtaja mondo, simbamangu na kanu? Kazi hii haina gharama ila nauli na adabu ya kusikiliza.

Tatu, walimu wa fasihi na lugha washirikiane na wenzao wa idara za biolojia. Si lazima tungoje mradi mkubwa wenye wafadhili. Ukurasa mmoja wenye picha za paka wetu wa porini, majina yao ya Kiswahili na alama za kuwatambulia, ukibandikwa katika ukumbi wa chifu, shuleni na ghalani ambako mpunga hupimwa, utafanya kazi kubwa kuliko makala yangu haya.

Nne, tujifunze kusimulia habari zetu wenyewe. Mapema mwaka 2019 vyombo vya habari vya ulimwengu vilitangaza picha za chui mweusi wa Laikipia, na vingine vikadai kwamba ndizo za kwanza barani Afrika kwa takriban miaka mia moja. Wakenya walilazimika kukumbusha kwamba picha ya chui mweusi ilikuwa imekwisha kupigwa huko huko Laikipia mwaka 2013. Anayechelewa kutaja kilicho chake husikia kikitajwa na mgeni.

Hitimisho

Wali wa Mwea unasifika kote nchini kwa harufu yake, na tunauita pishori, jina linalohusishwa na mji wa Peshawar huko Pakistan. Neno hilo lilisafiri kuvuka bahari na milima, likafika Wang'uru, na leo hakuna mtoto wa hapa asiyelijua. Iwapo neno la Peshawar limeweza kupata makao katika mashamba yetu, sembuse neno la pwani yetu wenyewe kwa mnyama wa ardhi yetu wenyewe?

Mwezi wa Aprili nilikwenda kumwona Guka. Nilimweleza kwamba mnyama yule anaitwa mondo, nikamweleza anavyosikiliza akiwa amesimama tuli, na namna anavyoruka. Alilirudia jina mara mbili ili alizoee ulimini. Kisha akaniuliza kama kuna wengine waliobaki kandokando ya mfereji. Nilimjibu kwamba sijui. "Basi uwaambie vijana," alisema, "wakimwona mwingine waniite kwanza."

Mwanakiswahili mwenzangu, kwenu yuko nani anayeishi kwa jina lisilo lake? Ukirudi nyumbani, uliza. Jibu ulilete hapa, katika kurasa hizi, pamoja na jina alilopewa na wazee wako, ili mwenzako wa kijiji kingine akiulizwa kando ya mfereji asijibu kama nilivyojibu mimi.